Lala Foncebadón, Usiuvuke Mlima kwa Siku Moja

Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Nyakato anajiandaa kwenda kuhiji kwa miguu Santiago de Compostela, Hispania. Ameniuliza, pale milimani alale wapi? Namjibu hapa ili na wengine mnaojiandaa msikie.

Mama, lala Foncebadón, kijiji cha juu mlimani.

Wengi hulala Rabanal, kijiji cha chini yake, halafu kesho yake wanauvuka mlima wote hadi Molinaseca, kama kilomita 25. Na mimi nilipanga hivyo hivyo. Baridi ndiyo iliyonizuia, na kosa nililifanyia hapa hapa Mwanza. Nilisoma kwamba Foncebadón iko mita 1,430 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134, nikaona tofauti haifiki hata mita 300, sweta la nini? Nikasahau kwamba sisi tunaishi jirani na ikweta, na kule ni latitudo ya nyuzi 42 kaskazini, mbali na ikweta. Ilikuwa mwezi wa tano. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, upepo unapenya shati, nikaingia kijijini meno yanagongana.

Kijiji chenyewe kilikuwa karibu kufa, watu wamehama. Mahujaji ndio waliokirudishia uhai. Utaona nyumba za mawe zilizoanguka paa, na katikati yake nyumba za kulala wapita njia. Mhudumu alinikalisha karibu na moto, akaniletea supu ya dengu kabla hata hajanigongea muhuri kwenye kitabu cha hija. Sitaisahau ile supu. Fika mapema lakini, vitanda hujaa.

Faida kubwa utaiona asubuhi. Cruz de Ferro, Msalaba wa Chuma, uko kilomita 2 tu mbele. Ni nguzo ndefu ya mti yenye msalaba mdogo kileleni, na chini yake rundo la mawe ambayo mahujaji wameyabeba kutoka kwao. Mimi nilibeba kokoto niliyoiokota ufukweni, karibu na Mwamba wa Bismarck, kwa ajili ya marehemu baba. Nilifika jua linachomoza, hakuna mtu. Nililia nilivyotaka, nikasali, nikaiweka kokoto yangu. Waliolala Rabanal walinikuta naondoka.

Baada ya hapo jihadhari na mteremko, maana kutoka mita 1,500 unashuka hadi kama 600, juu ya mawe yanayoteleza. Magoti huumia huko kuliko kwenye kupanda. Kwa hiyo ukifanya mazoezi kilima cha Bugando, usipande tu ukarudi na daladala. Shuka kwa miguu, begi mgongoni, fimbo mbili mkononi. Vidole vipake mafuta ya mgando kabla ya soksi, malengelenge yatapungua.

Sweta zito nililonunua baada ya safari ile ninalo bado. Jumapili baada ya misa, pita nyumbani ulichukue.