Mbegu za kupeana kabla ya vuli

Dada, umeuliza kama mbegu ulizokamua kwenye nyanya chotara (zilizotokana na kuchanganya aina mbili) zinafaa kuwapa wenzako mtakapobadilishana kabla ya vuli. Usizipeleke, miche yake haitafanana na mmea mama. Peleka kunde au choroko, hizo hazitakuangusha. Maboga, kama jirani alipanda aina nyingine, nyuki wameshachanganya chavua zake, nayo usipeleke.

Nyanya za kienyeji ni sawa kabisa: kamua, acha mbegu kwenye maji yake siku 2 au 3 mpaka ule ute uachie, osha, anika kivulini. Kunde zangu huzichanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, fukusi hawazisogelei.

Na tafadhali, kila kikaratasi kiandike jina na mwezi wa kuvuna. Mwaka jana nilipewa bamia bila hata neno moja, na haikuota hata moja.