Miaka tisa kazini, hakuandikwa popote

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wa gazeti hili: "Je, CV bado ina faida kwa anayetafuta kazi siku hizi, au imebaki karatasi ya kujazia faili tu?" Jibu langu ni kwamba ina faida, tena kubwa, ila si ile ambayo wengi huitarajia wanapokuja kwangu kuichapisha. Nina saiba ndogo hapa Magongo, kompyuta nne na printa moja, na siku haipiti bila watu watatu wanne kuja kutaka CV. Jumatatu huwa wengi zaidi.

Wengi wao huja wameshaikatia tamaa. "Dada, nichapie tu, wamesema lazima niwe nayo. Lakini kazi ni kujuana." Sibishani nao. Nimezaliwa Mombasa na najua kwamba habari ya nafasi ya kazi hufika kwanza kwa shemeji, kwa jirani wa msikitini, kwa mtu mliyesoma naye, na tangazo huja baadaye kama huja. Lakini nimeona pia yanayotokea baada ya hapo, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Kuna kaka mmoja wa Chaani aliyeingia hapa alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani. Akaketi, akaniwekea mezani kitambulisho na cheti cha darasa la nane. Nikamuuliza amefanya kazi wapi.

"Sijafanya kazi mimi. Nilikuwa kibarua tu, godauni la chai, Shimanzi."

Muda gani? Akahesabu kwa vidole, akianzia mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza. Miaka tisa.

Nikaacha kuchapa. Nikamwambia, "Hebu nieleze, kaka. Ukifika asubuhi unaanza na nini?" Akasema anaanza na foklifti: anatazama maji ya betri, breki, na zile uma mbili za mbele za kunyanyulia mzigo kama hazijapinda. Kisha akanyoosha mikono yake juu ya meza yangu, viganja vikitazama juu, akanionyesha namna ya kuingia chini ya paleti bila kupasua gunia la karatasi lililo chini kabisa, na namna ya kuulaza mzigo nyuma kidogo kabla ya kurudi kinyumenyume. Alikuwa akiifanya kazi ile pale pale mezani, polepole, macho yake kwenye ncha za vidole. Akaniambia, "Chai inakunywa harufu, dada. Ukiiweka jirani na sabuni, mwonjaji ataikataa." Siku moja alikataa kupakia lori kwa sababu sakafu yake ilinuka vitunguu. Msimamizi akamfokea mbele ya watu. Alipokuja mwenye mzigo akapanda mwenyewe ndani ya lori, akashuka, akaagiza lori jingine.

"Hayo yote huyaiti kazi?"

"Sikuandikwa, dada."

Neno lile lilinikaa moyoni mpaka usiku. Sisi tukitaka kusema mtu ameajiriwa, twasema ameandikwa kazi. Basi ambaye hakuandikwa, hata akitoka jasho miaka tisa, akiulizwa hujibu kwamba hajafanya kazi, na husema hivyo bila kudanganya, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kujihesabu. Faida ya CV niisemayo ni hiyo. Mtu anakaa chini, pengine kwa mara ya kwanza maishani, anaulizwa umefanya nini, na majibu yake yanaandikwa.

Tuliandika ukurasa mmoja. Foklifti, miaka tisa, chai, kupanga paleti kwenda juu, kukagua unyevu na harufu kabla ya kupakia, na lile la lori la vitunguu kwa sentensi moja. Baada ya Idi, shemeji yake aliye dereva wa trela akasikia kwamba godauni moja la Changamwe linatafuta mtu, akamtaja kwa msimamizi. Kujuana kukafanya kazi yake. Lakini jibu la msimamizi lilikuwa, "Mwambie alete CV." Na siku ya mahojiano shemeji alibaki getini. Aliyeingia chumbani ni yule kaka na ile karatasi, na maswali yote, aliniambia, yalitoka kwenye karatasi: kwa nini uliandika harufu? Ulijuaje? Akapewa mwezi mmoja wa majaribio, kisha akaandikwa, safari hii kweli.

Sisemi CV ndiyo iliyompa kazi. Wapo niliowaandikia vizuri kuliko huyo na hadi leo simu zao hazijalia. Ajira hapa ni chache, na hakuna namna ya kupanga herufi inayoweza kuongeza nafasi bandarini. Ninachosema ni kwamba anayekujulisha hukufikisha mlangoni tu.

Kuna dada mwingine aliyerudi kutoka Riyadh baada ya miaka minne. Alitaka CV ya kuombea kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, na ile miaka minne alikuwa ameiruka, kana kwamba aliishi angani. Aliona aibu kuandika kwamba alikuwa kadama, mtumishi wa nyumbani. Nilipomdadisi nikagundua alikuwa akimlea bibi kizee wa nyumba ile: kumpima sukari asubuhi na jioni, kumdunga insulini, kumgeuza kitandani asipate vidonda, na yote hayo kwa Kiarabu alichojifunza mwenyewe jikoni. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiiomba! Nusura aifiche.

Kwa wanaoomba kwa mtandao, nitasema kwa ufupi. Kampuni kubwa siku hizi hutumia programu inayosoma maombi kabla ya jicho la mtu, ikitafuta maneno yaliyo kwenye tangazo. Usipige picha CV kwa simu ukaituma, maana mara nyingi programu itaona picha tu wala haitaona maneno. Majedwali na maumbo ya rangi huichanganya, na jina na namba ya simu ukiviweka kwenye ukingo wa juu wa ukurasa vinaweza kurukwa. Andika jina la kazi kama lilivyo kwenye tangazo, ikiwa ni kweli umeifanya. Basi.

Vijana wa chuo huja na CV zilizokwisha kuandikwa na akili unde kwenye simu. Sizikatai, zinapanga sentensi vizuri. Lakini nikizichapa kumi mfululizo naona ni mtu mmoja: mwenye bidii, mwenye ari, anayefanya kazi chini ya shinikizo, mwepesi wa kujifunza. Juzi nilimuuliza mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi katika hoteli ya Bamburi, sehemu ya mapokezi, anieleze siku yake moja ngumu. Akanieleza usiku wageni wa basi zima walipofika na vyumba viwili vinavuja, jinsi alivyowapangia upya bila familia yoyote kutenganishwa. Tulifuta sifa zote nne tukaweka habari hiyo.

Nitoke kidogo nje ya swali. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Rabai, alifanya kazi hapa mjini enzi za ukoloni, enzi za kipande. Vijana leo huita kitambulisho kipande bila kujua neno lilikotoka. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 kwenda juu alilazimishwa kubeba karatasi hiyo, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Humo mwajiri aliandika siku aliyomchukua, mshahara aliompa, na siku aliyomwachilia. Asipotiwa sahihi ya kuachiliwa, alikuwa mtoro machoni pa serikali. Habari zote za kazi ya mtu zilikuwa kifuani pake, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa bwana. Mama anasema babu hakupenda hata kulitamka neno hilo. Ninapomgeuzia mteja kompyuta na kumwambia, "Soma mwenyewe, ndivyo ilivyokuwa?" namkumbuka babu, kwa sababu hapa mwenye kazi ndiye anayesema alichokifanya.

Lakini kusema peke yake hakutoshi, na hapa nina uchungu wangu. Kabla ya saiba nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, sitaitaja, kwa miaka sita. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya bara yapakiwe kwenye reli mpya ya SGR hadi Nairobi, kazi za malori, za bohari na zetu za makaratasi zikaporomoka hapa Mombasa. Mkubwa wetu akafunga ofisi siku ya Ijumaa. Jumatatu tulikuta kufuli. Amri yenyewe iliondolewa mwaka 2022, lakini sisi tulishatawanyika. Nilipoomba kazi mahali pengine niliandika miaka yangu sita vizuri kabisa, na swali la kwanza likawa, "Barua ya huko iko wapi?" Sikuwa nayo. Simu ya mkubwa haikupatikana. Mama aliyekuwa akinihoji hakunitukana, alisogeza tu karatasi yangu pembeni ya meza na kumwita anayefuata. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nayo ni hivyo hivyo.

Wakati ule sikujua kwamba sheria ilikuwa upande wangu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema mwajiri lazima ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha huduma, isipokuwa kama kazi haikufika wiki nne mfululizo. Cheti hicho hakihitaji sifa wala mapenzi. Ni jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, aina ya kazi na mahali alipokuwa akiifanya, na siku aliyoacha. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini tarehe zako analazimika kukupa. Anayekataa kwa makusudi anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 10 nacho chamtaka mwajiri aweke maelezo ya mkataba wako miaka mitano baada ya kuachana, kwa hiyo hata aliyeondoka zamani kidogo bado anaweza kurudi kuuliza.

Ningependa kuona gazeti hili likiwauliza waajiri swali hilo wiki moja: mmetoa vyeti vingapi vya huduma mwaka huu? Kwa sababu hao hao ndio wanaotudai uzoefu wa miaka mitatu ulioandikwa. Hao hao humtaka kijana asiye na senti, kabla hata hawajamsoma, alete cheti cha tabia njema cha polisi na karatasi za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na KRA, mamlaka ya kodi. Nimewachapia watu makaratasi hayo yote wakaenda kwa mguu hadi Mwembe Tayari, kule mjini, kwa sababu nauli ilikwisha hapa kwangu. Wangesoma CV kwanza, kisha wamwombe hayo makaratasi yule mmoja wanayemtaka.

Kwa mafundi iko njia nyingine. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, huwatahini watu waliojifunzia kazini, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na wana kituo hapa Mombasa. Mwashi au fundi umeme asiye na karatasi ya chuo akifaulu mtihani ule, mstari mmoja kwenye CV yake unabadilika kabisa. Nimewaona wawili waliofanya hivyo.

Tangu yule kaka wa Chaani, nimeweka barua moja kwenye kompyuta ya kwanza, nayo huichapa bure kwa yeyote anayeacha au kuachishwa kazi, awe karani au kibarua. Ni mistari michache. Jina lako na namba ya kitambulisho. Kazi uliyofanya na mahali. Siku uliyoanza, siku uliyoacha. Kisha: "Naomba nipewe cheti changu cha huduma kwa mujibu wa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007." Natoa nakala mbili. Moja unawaachia, ya pili unaomba igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, halafu unarudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga muhuri, andika nyuma yake jina la uliyemkabidhi na saa, mbele ya mtu aliyefuatana nawe. Usiende peke yako.

Msomaji, Magongo, Mombasa