Kompyuta Mpakato Iliyofunikwa Bila Kulala: Maswali na Majibu

Swali: Kila ninapofunika kompyuta yangu ya Windows, faili ninayoipakua hukatika katikati. Je, ninaweza kuizuia isilale?

Jibu: Unaweza, tena bila kusakinisha programu yoyote. Katika kompyuta nyingi, kwenye ukingo wa skrini hufichwa sumaku ndogo, nayo inapokaribia kihisi kilicho upande wa kibodi, mfumo huelewa kwamba kifuniko kimefungwa na kutekeleza ulichoagizwa, ambacho kwa kawaida ni kulala. (Ndiyo maana aliyevaa bangili ya sumaku huweza kushangaa skrini ikizimika mbele yake.) Andika neno lid kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, ufungue mpangilio unaohusu kufunga kifuniko, kisha uchague kutofanya chochote, lakini katika safu ya umeme wa ukutani pekee. Muda wa kulala mashine isipoguswa ni mpangilio mwingine kabisa, nao usipoondolewa utaamka asubuhi uikute imelala vilevile.

Swali: Nina kompyuta kuukuu yenye Linux, nataka iwe seva ya mafaili ofisini, ikae kabatini ikiwa imefunikwa. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye faili /etc/systemd/logind.conf, ukiwa na mamlaka ya msimamizi: tafuta mstari wa HandleLidSwitch, uondoe alama ya # iliyoutangulia, uandike HandleLidSwitch=ignore, kisha uwashe kompyuta upya. Anayetumia KDE (mojawapo ya mazingira ya madirisha na menyu ya Linux) abadilishe pia mipangilio ya umeme ya KDE yenyewe, maana hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Linalosahaulika ni skrini: seva inayoonyesha maandishi matupu huweza kuiacha ikiwaka chini ya kifuniko, ikila umeme na kuongeza joto bure, hadi uongeze consoleblank=60 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ili skrini izimike baada ya sekunde 60. Ama kabati, napendekeza lisilo na mlango.

Swali: Na MacBook je?

Jibu: Iunganishe na chaja, skrini ya nje, kibodi na kipanya, nayo itaendelea na kazi hata ikifunikwa. Amri ya caffeinate ya kwenye Terminal ya Mac, ambayo wengi huitegemea ili mashine isilale, huzuia usingizi wa kukaa bila kuguswa tu. Haizuii ule unaoletwa na kifuniko.

Swali: Haitaungua?

Jibu: Kuungua ni nadra, kwa kuwa kichakataji hujipunguzia kasi kinapopata moto kupita kiasi, na kikizidiwa mashine hujizima. Hata hivyo, baadhi ya kompyuta hupumulia kwenye bawaba na kupoteza joto jingi kupitia kibodi, njia ambazo kifuniko huziba au kuzibana. Anayeathirika zaidi ni betri: joto na chaji ya asilimia 100 isiyoshuka huizeesha haraka, na ikianza kuvimba ni hatari ya moto. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye asilimia 80, utumie. Isimamishe mashine kwa ubavu au iweke kwenye meza ngumu, kamwe si juu ya godoro.

Swali: Naweza kuitia kwenye begi ikiwa bado inafanya kazi?

Jibu: Hapana. Begi halina hewa, na hapo ndipo ninaposisitiza safu ya betri, katika ule mpangilio wa kifuniko wa Windows, ibaki kwenye kulala, ili ukichomoa waya na kuondoka kwa haraka, kufunika kuwe na maana yake ya zamani.

Swali: Umeme ukikatika usiku, kazi itaendelea?

Jibu: Inategemea: mashine iliyoagizwa kulala inapotumia betri huenda ikalala, na isiyoagizwa hivyo itaendelea kwa betri, ila kazi inayotegemea intaneti itasimama mara moja kama ruta haina betri yake. Kwa upakuaji mkubwa, tumia programu inayoweza kuendeleza pale ilipoishia, mfano wget ikipewa kigezo cha -c.