Jibu: Kama ni umaskini, mbona Kampala ina kesi nyingi kuliko vijijini?

Ndugu, umeuliza: kama umaskini ndio chanzo cha wizi, mbona Kampala yenye pesa ina kesi nyingi za wizi kuliko wilaya maskini za Uganda. Kwanza usilinganishe idadi tupu. Gawa kesi kwa idadi ya wakazi, kisha zidisha kwa 100,000: kesi 400 kwenye watu 200,000 ni kesi 200 kwa kila watu 100,000. Kwa kesi za 2024 tumia sensa ya mwaka huo, watu milioni 45.9 nchi nzima. Ukishika ile ya 2014, milioni 34.6, kiwango kitapanda bure.

Halafu umaskini peke yake hauibi. Kinachosukuma ni pengo: kijana wa Kisenyi, mtaa wa mabanda katikati ya Kampala, hana kazi, na hatua chache tu kutoka hapo kuna maduka yaliyojaa simu, na simu huuzika upesi bila risiti. Huyo mnunuzi wa vitu vya wizi wengi humsahau, na naamini ana uzito kuliko njaa. Kijijini mgeni huonekana mara moja; kuku akipotea, mara nyingi shauri huishia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), halifiki kwenye takwimu za polisi. Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda, ni habari nyingine kabisa: ukame, bunduki na mahari ya ng'ombe huchochea wizi wa mifugo.