Usiulize "Mheshimiwa alikuwaje shuleni?"

Ukifika msimu wa uchaguzi, makala za "nilisoma naye" humiminika: mheshimiwa alikuwa mpole, hodari wa hesabu, na wenzake walishajua atakuwa mkubwa. Nyingi hazifai kitu, na si kwa sababu wazee ni waongo. Ukimuuliza mtu "Fulani alikuwaje?" anakujibu huku akimwona waziri wa leo, wala si yule mtoto aliyekuja shule peku. Uliza habari za shule. Fulani ataingia mwenyewe.

Kabla ya watu, tafuta rejista ya uandikishaji. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na barua ya ofisi ya elimu ya wilaya, maana bila barua utazungushwa. Nakili majina kumi yaliyo juu ya jina unalolitafuta na kumi yaliyo chini yake. Hao ndio walioandikishwa naye. Rejista ikiwa imeliwa na mchwa, au shule ilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa Tanzania walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, jaribu vitabu vya parokia.

Halafu jina. Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akaenda Tabora mwaka 1937. Jina la Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943. Kwa hiyo simulizi ya Mwisenge inayomtaja Julius akiitwa ubaoni ina kiraka cha baadaye: huko alikuwa Kambarage. Na "Mwalimu" lilikuja baada ya kufundisha Tabora na Pugu. Karibu kila kiongozi ana Kambarage wake, la utani au la babu. Lijue mapema, ulitumie unapouliza.

Maswali yenyewe yawe ya vitu. Nani alikaa naye dawati moja? Zamu ya kuchota maji ilipangwaje, na kisima kilikuwa wapi? Nani alikuwa kiranja, na aliandika majina ya wapiga kelele au aliwaficha rafiki zake? Nani alichelewa mstarini, akala viboko vingapi? Shamba la shule lililimwa nini, na mazao yalikwenda wapi? (Hili la mwisho huwaamsha wazee kuliko yote, kwa sababu uchungu wake bado upo.) Mtu akishaanza kugombana na kumbukumbu yake kuhusu kisima, uko mahali pazuri, nyamaza, usimkatize.

Ongea na kila mmoja peke yake kwanza, nusu saa hadi saa moja, kwa lugha ya nyumbani kwao ikiwa Kiswahili hakimkai vizuri. Kikao cha pamoja kije baadaye. Ukianza nacho, mwenye sauti kubwa atasimulia na wengine wataitikia, kisha utahesabu mashahidi watano kumbe ni mmoja. Kosa jingine ni kupelekwa na mwenyekiti wa chama: atakuchagulia wazee. Wasichana wa darasa lile nao wasikupite. Wengi waliolewa vijiji vya mbali na hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Pengine ndio pekee ambao hawajawahi kuulizwa, na simulizi yao haijachakaa kwa kurudiwa.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Uliza ilikuwa kabla au baada ya nini: Uhuru, Azimio la Arusha la 1967, vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa Kenya, maziwa ya Nyayo, yale ya bure kwa watoto wa shule za msingi, yalianza 1979, basi aliyemaliza shule ya msingi 1975 hakuyanywa darasani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa CPE ulikwisha 1984, na KCPE ulioshika nafasi yake ukaanza 1985. Anayesema walifanya KCPE pamoja mwaka 1982 amechanganya ama mwaka ama mtihani. Usimsute. Andika alivyosema, na pembeni uweke alama ya kukagua.

Kauli ya "tulijua tu" irudishe kwa swali moja: mlijua kwa lipi, siku gani? Pasipo tukio, iache nje. Wawili wakipingana, mmoja akisema alikuwa wa kwanza darasani na mwingine akisema alirudia darasa, chapisha zote mbili na useme nani alikaa karibu naye zaidi. Habari ya wizi au mimba isiyo na mtu wa pili wa kuithibitisha usiiguse, hasa mwanasiasa akiwa hai.

Sukari na majani ya chai vinatosha kuwa shukrani, navyo vitolewe mwishoni. Bahasha ikitangulia, kila mzee wa kata atakuwa alisoma naye.