Boya vaa ukiwa bado mwaloni

Jamani wikiendi hizi watu wanakodi boti kwenda visiwani, wengine wanakodi jetski, zile pikipiki za majini, na kila nikipita ufukweni naona maboya, yale majaketi ya kuokolea maisha, yamesukumwa chini ya benchi. Inaniuma, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Siku moja tulitoka Kirumba hapa Mwanza asubuhi, watu sita, Ziwa Victoria limetulia tuli. Tukashinda kisiwani tukala sato wa kuchoma, tunaanza kurudi saa kumi upepo ushaamka. Katikati mashine ikakoroma ikazima, kumbe pangaboi limesokotwa na magugu maji. Boti isiyo na mashine inageukia wimbi ubavu, maji yakaanza kuingia, nahodha anapiga kelele vaeni maboya, na maboya yenyewe yamo kwenye kiroba kimefungwa kamba ya nailoni na fundo limelowa limekaza. Nililing'ata kwa meno, ladha ya petroli kwenye ile kamba naikumbuka mpaka leo. Kufungua, la kwangu mkanda umekatika, na la mtoto hakuna kabisa, binti wa dada yangu ana miaka saba akavalishwa la mtu mzima likawa linampanda hadi masikioni. Wavuvi waliokuwa wanapita ndio walituvuta.

Kwa hiyo boya livae kabla hujakanyaga boti, funga mikanda yote, halafu mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likikufika kidevuni hilo halikufai, omba jingine, na la mtoto liendane na uzito wake. Nahodha akinuna mwache anune. Na usiseme tunaenda hapo hapo tu, meli ya kivuko MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, imejaza kupita kiasi, tukapoteza zaidi ya watu 220. Ukiona boti imejaa shuka, hata kama ushalipa.

Sasa nyie wa jetski. Ile kitu inakata kona kwa maji inayoyasukuma nyuma, ukiachia mafuta ghafla usukani unakuwa hauna kazi, unaenda moja kwa moja kwenye kile unachokikimbia. Mtu mgeni akiona mtumbwi mbele anashtuka, anaachia mafuta, anapinda mikono na chombo hakipindi! Fanya mazoezi kwanza sehemu ya wazi mpaka mkono uzoee kubaki na mafuta kidogo unapokwepa. Ile kamba ya kuzimia injini ifunge mkononi au kwenye boya, ukidondoka injini izime isikuache katikati ya maji. Mkikutana uso kwa uso kila mmoja aende kulia kwake, na wenye nyavu wazungukie mbali, ile ndio riziki yao. Karibu na wanaoogelea nenda taratibu, na huku Mwanza mawe mengine yamejificha chini kidogo tu ya maji, muulize mwenyeji. Pombe mtakunywa mkirudi.

Chombo kikipinduka usikiachie ukaanza kuogelea, nchi kavu inaonekana karibu lakini sio karibu, na mtumbwi wa mbao mara nyingi unaelea hata ukijaa maji. Filimbi funga kwenye boya, simu weka kwenye mfuko usiopitisha maji.

Halafu mtu wa nchi kavu aambiwe mko wangapi, mnaenda kisiwa gani, mnarudi saa ngapi. Sisi siku ile hakuna aliyejua, dada yangu alikuwa nyumbani anapika akidhani mwanae yuko kwa bibi yake.