Mkorea na vitenzi kama "put off"

Umeuliza kwa nini wewe Mkorea unakumbuka neno la Kiingereza "postpone" (kuahirisha) lakini "put off", kitenzi cha maneno mawili chenye maana hiyo hiyo, inakuponyoka. Kichwani una yeongihada, neno la Kikorea la kuahirisha lenye asili ya Kichina, nalo hukimbilia "postpone" moja kwa moja. Usikariri orodha nzima ya vitenzi vya aina hii vinavyoanza na "get", utachanganyikiwa bure. Chukua vitano kwa wiki, kila kimoja katika sentensi yenye kiwakilishi: "put it off", "turn it off" (izime). "Put off it" ni kosa, ingawa "look after it" ni sawa, hivyo andika kila kitenzi pamoja na "it" yake. Halafu matamshi: Kikorea hakina f, kwa hiyo "off" hugeuka opeu na msikilizaji akadhani "up", kama katika "turn it up" (ongeza sauti). Umeomba redio izimwe, inaongezwa sauti! Meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na mkazo uangukie "off".